Kozi mbili-mbili, kupakia mapema au kufuata bajeti? Kupanga masomo ya uzamili ukiwa mtumishi Dodoma

Kila Septemba na Oktoba, barua za udahili zikishatoka, naulizwa swali lilelile: "Dada, nichukue kozi ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtumishi wa umma. Amehamia Dodoma pamoja na wizara yake, au yuko halmashauri ya jirani. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya utawala wa umma kwa utaratibu wa jioni au wikiendi, na sasa ana fomu ya kusajili kozi mbele yake. Nguvu anazo, hamu anayo. Asichonacho ni picha ya miaka mitatu inayokuja, na hakuna wa kumpa, kwa sababu chuo kinajua kalenda ya chuo na ofisi inajua kalenda ya ofisi.

Nitalinganisha mipango mitatu niliyoiona ikitumika. Mmoja ni wangu mwenyewe, na ulinigharimu. Natanguliza msimamo wangu usome ukiujua: kwa mtu wa mipango, bajeti au fedha kwenye wizara hapa Dodoma, mpango wa tatu, wa kufuata bajeti (kozi nyingi ofisi ikiwa imetulia, chache wakati wa Bunge), ndio ninaoupendekeza. Kwa wengine jibu linabadilika, na nitasema ni kwa nani.

Hesabu ya saa

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za kukaa darasani peke yake. Ndani yake kuna kusoma, kuandika asaimenti, kazi za makundi na kujiandaa na mtihani. Shahada nzima basi ni saa 1,800.

Tuchukue mfano wa programu yenye kozi 10 za krediti 12 kila moja, na tasnifu ya krediti 60. Programu yako inaweza kugawanya vingine. Fungua mwongozo wake uweke namba zake. Kozi moja hapa ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, kila kozi inakudai saa 8 kwa wiki. Kozi mbili ni saa 16, tatu ni 24, nne ni 32.

Saa za kazi serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ukitoka ofisini saa 9:30 kweli, siku zote tano, hata kozi nne zinaweza kuingia, kwa kubanana. Jiulize ni wiki ngapi kwa mwaka unatoka saa 9:30. Usijibu kwa kukisia. Fungua simu yako uangalie ujumbe wa kazi ulioingia baada ya saa 12 jioni mwaka jana, mwezi kwa mwezi. Nilipofanya hivyo mimi, Oktoba ulikuwa mchache sana. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni ulikuwa hauhesabiki.

Kalenda mbili

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti linaanza Aprili, hapahapa Dodoma, na kumalizika mwishoni mwa Juni. Kabla ya Bunge kuna kamati, na kabla ya kamati kuna randama, yaani maelezo ya kina ya makadirio ya bajeti. Tarehe 30 Juni mwaka unafungwa, na kila aliyekuwa na fedha ambayo haijatumika anajua wiki za mwisho zinavyokuwa.

Vyuo vyetu vingi huanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Muhula wa kwanza unaisha Februari au Machi, wa pili unakwenda mpaka Julai. Ukizilaza kalenda hizi mbili moja juu ya nyingine utaona muhula wa pili karibu wote umelala juu ya bajeti, na mitihani yake imelala juu ya kufunga mwaka. Kutoka hapo ndipo mipango mitatu inapoanza kuachana:

| | Mbili-mbili | Kupakia mapema | Kufuata bajeti |
|---|---|---|---|
| Mwaka 1, muhula 1 | kozi 2 | kozi 4 | kozi 3 |
| Mwaka 1, muhula 2 | kozi 2 | kozi 3 | kozi 1 |
| Mwaka 2, muhula 1 | kozi 2 | kozi 3 | kozi 3 |
| Mwaka 2, muhula 2 | kozi 2 | tasnifu | kozi 1 |
| Mwaka 3, muhula 1 | kozi 2 | tasnifu | kozi 2 |
| Mwaka 3, muhula 2 | tasnifu | kumalizia | tasnifu |
| Mzigo wa Aprili–Juni, mwaka 1 | saa 16 kwa wiki | saa 24 kwa wiki | saa 8 kwa wiki |

Tazama safu ya kwanza na ya tatu. Zote mbili zinamaliza kozi kwenye muhula uleule wa tano. Hakuna aliyemtangulia mwenzake hata wiki moja. Tofauti ni kwamba mmoja amebeba saa 16 wakati wa Bunge na mwingine amebeba 8. Watu wengi wanadhani kupunguza kozi muhula wa pili ni kuchelewa, na kwa mgao huu si kweli.

Mbili-mbili

Huu ndio mpango ambao karibu kila mtu anashauriwa. Ni rahisi kuukumbuka, mkuu wako wa kazi anauelewa, nyumbani wanauzoea: Jumanne na Alhamisi mama hayupo mpaka saa 3 usiku, basi. Mwenzangu mmoja, afisa utumishi, alisoma hivi mpaka akamaliza bila sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Kazi ya dawati lake imesambaa mwaka mzima, na ana kilele kimoja tu anachokijua mapema, cha kufunga tathmini za watumishi kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, mwezi Juni. Kwake mzigo sawa kila muhula ulikuwa sahihi.

Ukiwa na dawati la namna hiyo, chukua mpango huu na usijisumbue na mingine.

Mtu wa mipango au mweka hazina wa halmashauri naye namweka hapa, ingawa kwa sababu tofauti. Joto lake linaanza mapema kuliko la wizarani. Januari na Februari yuko kwenye PlanRep (mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri), vikao vya menejimenti, Baraza la Madiwani, kisha mkoani. Akichukua kozi tatu muhula wa kwanza, mitihani ya Februari inamkuta kwenye baraza. Mbili-mbili inamfaa zaidi, au ajaribu mbili muhula wa kwanza na moja wa pili akubali kuongeza muhula.

Kupakia mapema

Huu ulikuwa wangu. Nilitaka kumaliza haraka. Muhula wa kwanza nikachukua kozi nne, nikafaulu zote, nikajiamini. Muhula wa pili nikachukua tatu.

Nakumbuka Jumanne moja mwishoni mwa Machi, muhula ukiwa na wiki mbili tu. Darasa lilikuwa saa 11 jioni. Saa 10 tulikuwa bado mezani Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, tunalinganisha randama na kitabu cha miradi, mstari kwa mstari, kwa sababu jumla zilipishana kwa shilingi milioni 40 na hakuna aliyejua zimepotelea wapi. Nikaondoka, nikapanda daladala, nikafika darasani mhadhiri ameshagawa makundi ya kazi. Saa 12 na robo simu ikatetema. "Dada, tunaomba urudi. Kamati wanataka ufafanuzi kesho asubuhi." Nikarudi. Upepo wa Dodoma ulikuwa unasukuma vumbi barabarani mpaka taa za magari zinaonekana njano. Milioni 40 tulizipata saa 5 usiku: mradi mmoja uliandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la kata, mara ya pili kwa jina la kijiji.

Kundi langu la darasani liliwasilisha wiki mbili baadaye bila mimi kuandika hata ukurasa. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mwezi Julai matokeo yakatoka nina sapu, na ilikuwa ya usimamizi wa fedha za umma, kazi niliyokuwa naifanya kila siku kwa miaka saba.

Nataka kukaa kidogo kwenye sapu hiyo, kwa sababu nimeona inawapata watu wengi wenye uzoefu. Haikuwa uchovu peke yake. Katika asaimenti ya kozi ile tuliulizwa kama bajeti inayoandaliwa kwa ukomo (kiwango cha mwisho cha fedha) kutoka juu inaweza kubeba vipaumbele vinavyoibuliwa na wananchi kule chini. Nilianza na rejea. Nikaeleza hali ilivyo. Nikaorodhesha changamoto tano. Nikamalizia na mapendekezo matano. Lilikuwa dokezo zuri, ambalo mkurugenzi angelisaini. Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hoja yako ni ipi?"

Dokezo linamsaidia mkubwa aamue, kwa hiyo linaficha mvutano na kuleta suluhisho. Insha ya uzamili inataka uuoneshe mvutano wenyewe: mtu huyu anasema hivi, yule anampinga kwa sababu hii, na mimi nasimama upande huu kwa ushahidi huu. Kwa swali lile ningeanza na mkutano wa kijiji chini ya utaratibu wa O&OD (Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo), watu wameweka zahanati namba moja. Ningeifuata zahanati hiyo mpaka kwenye ukomo wa bajeti ya halmashauri nione inadondokea wapi na nani ameamua. Kujifunza kuandika hivyo kunachukua muda wa utulivu, na ukibeba saa 24 za masomo katikati ya Bunge, utulivu ndio unaotoka kwanza. Utaandika kwa mazoea ya ofisini.

Pamoja na hayo sitaki kuubeza mpango huu, maana una sababu mbili nzito. Ya kwanza ni uhamisho. Mtumishi wa umma anaweza kuamka na barua ya kwenda Katavi au Mtwara. Aliyemaliza kozi zote ndani ya mwaka mmoja na nusu anabaki na tasnifu, na tasnifu unaweza kuiandika ukiwa popote penye intaneti. Aliye kwenye mbili-mbili atakuwa na kozi nne zinazodai mwili wake uwe darasani Dodoma. Kama unajua kituo chako hakina uhakika, pakia.

Ya pili ni ruhusa. Kama mwajiri amekupa ruhusa ya masomo kwa maandishi, na kuna mtu anayekaimu dawati lako, basi huna kalenda ya bajeti ya kuogopa. Lakini hakikisha ruhusa hiyo ni ya kweli. "Nenda tu, tutaelewana" huwa inaelewana mpaka Machi.

Nisiyoikubali ni sababu ya kupandishwa cheo, ingawa naisikia sana. Shahada peke yake haipandishi mshahara. Cheo kinafuata muundo wa utumishi wa kada yako, na nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na iwe imetengewa bajeti. Kumaliza miezi sita mapema hakukuwekei nafasi hiyo.

Kufuata bajeti

Oktoba hadi Februari unabeba saa 24 kwa wiki. Ni nyingi, sitakuficha. Ni darasa jioni tatu na Jumamosi nzima. Unazibeba wakati ofisi inakuruhusu, na Machi ikifika unashusha mzigo hadi kozi moja ambayo unaweza kuisoma alfajiri hata kama jioni zako zote zimechukuliwa. Saa 8 kwa wiki ni kama saa moja na nusu kila asubuhi kabla ya kazi. Niliijaribu mwaka wangu wa pili, baada ya ile sapu, na kozi hiyo moja niliipata kwa alama ya juu kuliko zote.

Lakini mpango huu una mtego, na ukweli ni kwamba mipango yote mitatu inao. Jedwali la hapo juu linachukulia kuwa kila kozi inafundishwa kila muhula. Programu nyingi haziko hivyo. Kozi inafundishwa mara moja kwa mwaka, na ukiiruka unaisubiri miezi 12. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, nenda kwa mratibu wa programu na swali moja: kozi zipi ni za muhula wa kwanza tu, zipi za muhula wa pili tu, na zipi zinarudiwa? Muulize pia kama mwanafunzi wa jioni anaruhusiwa kuchagua idadi, maana kuna programu zinazompangia kila mtu mzigo uleule. Na muulize kozi ipi inatangulia ipi.

Tuseme akujibu kwamba kozi tano ni za muhula wa kwanza na tano za wa pili, hakuna kurudia. Hapo moja-moja haiwezekani, utabakiwa na deni. Ningeipanga hivi: mwaka wa kwanza tatu kisha mbili, mwaka wa pili mbili kisha mbili, na kozi moja iliyobaki ya muhula wa pili uichukue mwaka wa tatu sambamba na tasnifu. Hiyo ya mwisho iwe ya hiari, iliyo karibu na mada yako ya utafiti, ili usomaji wake ulishe sura ya pili ya tasnifu. Na kozi mbili za kila muhula wa pili usizichukue kwa kuangalia ipi rahisi. Angalia inavyopimwa. Changanya moja yenye mtihani mkubwa na moja inayopimwa zaidi kwa insha na mradi. Kozi mbili za mitihani mikubwa mwishoni mwa Juni, kwa mtu wa bajeti, ni kuomba sapu.

Kuna suala la ada pia. Vyuo vingine vinatoza kwa mwaka, vingine kwa krediti. Ukitozwa kwa mwaka, muhula mwepesi unalipia bei ya muhula mzito, na mwaka wa ziada ni ada ya ziada. Ukitozwa kwa krediti, kufuata bajeti hakukuongezei kitu. Pata jibu hili kwa maandishi kabla hujatoa namba ya malipo.

Kalenda iliyogeuzwa

Si kila mtumishi wa Dodoma anaumia Aprili. Rafiki yangu mkaguzi nilimshauri kwa kujiamini achukue tatu muhula wa kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dada, hiyo ni ya kwako. Mimi Novemba mpaka Machi niko halmashauri, narudi nyumbani kubadilisha begi tu." Alikuwa sahihi. Hesabu za taasisi zinawasilishwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mwishoni mwa Septemba, na ripoti yake inapaswa kumfikia Rais mwishoni mwa Machi. Katikati ya tarehe hizo mkaguzi hana jioni. Kwake mpango unageuzwa: moja muhula wa kwanza, tatu wa pili.

Mwalimu kalenda yake ni Januari hadi Desemba, na Oktoba na Novemba zinakwenda na mitihani ya taifa. Mhasibu wa wizara ana Julai hadi Septemba za kufunga hesabu. Hizo zinaangukia likizo ya chuo, kwa hiyo kozi zake ziko salama lakini tasnifu yake haiko salama. Kila dawati lina mwezi wake. Utafute wako kabla hujaiga mpango wa jirani, pamoja na huu wangu.

Jioni, wikiendi au masafa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi mmeshachagua. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo vilimani Chimwaga tangu 2007, na kwa mtu wa Mtumba safari ya jioni ni ya kila siku ya darasa. Mimi nilikuwa napoteza karibu saa nzima kufika, na saa hiyo haimo kwenye zile 1,800. Kozi tatu zenye siku tofauti ni safari tatu. Kozi mbili zilizopangwa siku moja ni safari moja. Angalia ratiba kwa jicho hilo pia.

Wikiendi inaonekana nafuu mpaka ukumbuke ni watumishi wangapi wa hapa ambao familia zao bado ziko Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Ijumaa jioni wanaondoka. Programu ya Jumamosi na Jumapili kwa mtu huyo inalipwa na watoto wake. Sisemi usichukue. Nasema mkae wawili mzungumze kabla ya kusaini, kwa sababu nimeona ndoa zikichoka kimyakimya kwa jambo hili.

Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo hapa Dodoma, kinakuondolea safari, na kufuata bajeti kunakuwa rahisi zaidi kwa mtu anayejisomea. Gharama yake ni upweke. Kama huna watu wawili watatu wa kusoma nao, watafute kabla hujaanza.

Kozi zipi zianze

Mbinu za utafiti zianze mapema, muhula wa kwanza kabisa kama programu inaruhusu. Wengi wanaziahirisha kwa woga wa takwimu, kisha wanafika kwenye propozo hawajui sampuli inachaguliwaje. Ukizisoma mapema, kila insha ya kozi nyingine unaiandika ukiwa unajaribu mada yako.

Kozi za hiari watu huchagua zile wanazozijua. Afisa utumishi anachukua rasilimali watu, mtu wa bajeti anachukua fedha za umma. Mimi ningechagua ambayo dawati langu haliwezi kunifundisha. Mtu wa bajeti asome sheria ya utawala na maadili. Afisa utumishi asome fedha za umma, ajue kwa nini ikama aliyoiombea kibali inarudi imekatwa. Aliyekaa wizarani miaka yote asome serikali za mitaa, aanze na Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982, ndipo ataelewa waraka wake unavyopokelewa Chemba au Mpwapwa.

Na jihadhari na madesa, yaani notsi za kurithiana. Mengi yanayozunguka kwenye simu yanafundisha OPRAS na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011. OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji, imeshapisha PEPMIS, na ununuzi una sheria mpya ya 2023 na mfumo wa kielektroniki wa NeST. Desa la zamani lina nadharia nzuri, lakini mifano yake ukiiandika kwenye mtihani inaonesha hujagusa kazi.

Tasnifu

Krediti 60 ni saa 600. Kwa saa 10 kwa wiki ni wiki 60, zaidi ya mwaka. Watu wengi nilioanza nao walimaliza kozi zote na kukwama hapa, na kila mmoja alikuwa amejipangia miezi mitatu.

Mpango wa mbili-mbili na wa kufuata bajeti zote zinakutoa kwenye kozi Machi ya mwaka wa tatu. Aprili hadi Juni unaandika propozo polepole, na Julai unaingia uwandani. Kwa mkoa wetu huo ni wakati mzuri. Mvua zinanyesha Desemba hadi Aprili, watu wako mashambani, na barabara za vijijini kule Bahi na Kondoa zinakatika. Julai hadi Septemba mavuno yameingia, watu wako nyumbani, na ofisi za vijiji ziko wazi. Aliyepakia mapema anaufikia msimu huohuo mwaka mmoja kabla, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Barua zina safari yake. Chuo kinakuandikia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha unashuka kata na kijiji. Ianzishe Mei, ikiwezekana ipite wakati wewe uko bungeni. Kama utafiti ni wa ofisi yako mwenyewe, usidhani ufunguo wa kabati ni kibali. Omba kwa maandishi kama mgeni, maana taarifa unayoiona kwa kazi si yako kuichapisha.

Nimeacha kitu kimoja ambacho kilinisaidia kuliko vyote. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ukifanya saa 6 kila siku ni saa 168, zaidi ya robo ya tasnifu nzima, bila kuomba ruhusa yoyote ya ziada. Lakini inatakiwa iangukie Agosti, si Desemba ambayo kila mtu anaitaka. Ratiba ya likizo hupangwa mwanzoni mwa mwaka, wakati bado hata propozo huna. Ikizungushwa ofisini, andika Agosti, uweke na jina la atakayekukaimu.